Scotch nzuri kwa hela ya kawaida: maswali ya wanaoanza

Watu wakitaka kuhama kutoka kwenye bia au Konyagi kwenda kwenye Scotch, yaani wiski ya Scotland, wanauliza yaleyale, na majibu wanayopewa mara nyingi yanatoka kwa mtu anayetaka kuonekana ana hela. Mi msimamo wangu nautaja mapema: kwa anayeanza, utamu mwingi uko kwenye chupa za katikati, zile blendi (wiski za kuchanganywa) za miaka 12 na singo molti (za kiwanda kimoja) za kuingilia. Ukipanda juu ya hapo kabla ulimi haujazoea, unalipia boksi. Bei nimeziweka kwa ngazi sio kwa shilingi, maana bei ya leo Kariakoo sio ya mwezi ujao na wala sio ya Masaki.

## Mambo ya msingi

Scotch ni nini hasa, na mbona mnasema Jameson na Jack Daniel's sio Scotch?

Scotch ni wiski iliyopikwa Scotland na ikalala hukohuko Scotland kwenye mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 3, na haiuzwi ikiwa chini ya asilimia 40 ya kilevi. Hiyo ni sheria kabisa, iliyopo sasa ni ya mwaka 2009, na inabana mpaka kilichomo ndani: nafaka, maji na hamira, halafu mwishoni wanaruhusiwa maji na rangi ya karameli basi. Hakuna sukari, hakuna vionjo. Ukikuta chupa ina asali au tufaha ndani, hata kama kampuni ni ya Scotland kabisa, hiyo haina ruhusa ya kuitwa Scotch.

Jameson ni ya Ireland, Jack Daniel's ni ya Tennessee kule Marekani. Sio mbaya, Jameson ni laini na ina wapenzi wake wengi tu hasa Nairobi, ila sio mada ya leo. Bond 7 na Hunter's Choice za Kenya ni wiski lakini nazo sio Scotch. We soma lebo, lazima yawepo maneno "Scotch Whisky" yote mawili, ukikuta "Whisky" peke yake jiulize imetoka wapi.

Singo molti na blendi zinatofautiana nini, na ni kweli blendi ni za watu wasiojua?

Lebo ikisema "Single Malt" maana yake yote imetoka kiwanda kimoja, na imepikwa kwa kimea cha shayiri tupu kwenye mitungi ya shaba. "Blended Scotch" ni molti za viwanda tofauti zikachanganywa na wiski ya nafaka, ambayo inapikwa kwa ngano au mahindi kwenye mitambo mirefu isiyosimama, inatoka nyepesi na haigharimu sana. Alafu kuna kundi la tatu watu wanalipita tu dukani, "Blended Malt", molti tupu za viwanda kadhaa bila hiyo nafaka. Monkey Shoulder na Johnnie Walker Green Label ziko humo, na kiukweli hapo ndo pana vitu.

Ile ya kusema blendi ni za wasiojua ni sifa tu. Sehemu kubwa ya Scotch inayouzwa duniani ni blendi, na haya majina makubwa yalikuwa majina ya wenye maduka: John Walker alikuwa na duka la vyakula Kilmarnock tangu 1820, George Ballantine alikuwa Edinburgh, kina Chivas walikuwa Aberdeen. Pipa la leo likija kali na la kesho likija tamu mteja anakukimbia, kwahiyo walichanganya ili chupa ya mwezi huu ifanane na ya mwezi uliopita. Singo molti kutangazwa kwa nguvu nje ya Scotland ni mambo ya juzijuzi ukilinganisha, Glenfiddich ndo waliolivalia njuga kuanzia 1963. Kabla ya hapo ukisema Scotch nje ya Uingereza, karibu kila mtu anawaza blendi.

Namba 12 au 18 kwenye lebo inahesabiwaje, na isiyo na namba niikwepe?

Inahesabiwa kwa wiski changa kuliko zote humo ndani. Black Label imeandikwa 12, basi hata tone la nafaka lililomo lina miaka 12 kwenye pipa, haijalishi mengine yana 20. Ndo maana nazipenda Black Label na Chivas Regal 12 kwa anayeanza, umri ni uleule wa Glenfiddich 12 na mara nyingi bei iko chini yake.

Isiyo na namba sio lazima iwe mbaya. Ina angalau miaka 3 kisheria, ila hawakuambii zaidi. Blendi za bei ya chini karibu zote hazina namba na hamna shida. Mimi nashtuka pale isiyo na namba inapouzwa bei ya juu kuliko ndugu yake mwenye 12, kisa ina jina refu na boksi la kung'aa.

Mbona ni ghali hivyo wakati Konyagi nayo ni pombe kali?

Konyagi ina asilimia 35 na haihitaji kulala kwenye pipa. Scotch inalipiwa ghala miaka yote hiyo, na kila mwaka kama asilimia 2 ya kilichomo inapotea hewani kupitia kwenye mbao. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT, ikifika glosari ya mtaani kwako sehemu kubwa ya bei haihusiani kabisa na ladha.

## Kununua

Sawa, naanza na chupa gani?

Usianze na chupa, anza na toti. Nenda baa yenye mzunguko mzuri mkiwa wawili watatu, mwagize toti moja moja ya Chivas 12, Black Label na Glenfiddich 12, mgawane, bila soda, maji pembeni. Chivas ni laini ina kama asali, Black Label ina zabibu na moshi kwa mbali, Glenfiddich inakuja na matunda mabichi kama peasi. Ile uliyoirudia bila kuambiwa ndo inakuonyesha njia. Uliyependa Chivas endelea na Glenlivet 12 au Glenmorangie Original (hii ilikuwa ya miaka 10, tangu 2024 imekuwa 12). Uliyependa Black Label nenda Green Label, baadaye Talisker 10. Wa Glenfiddich, jaribu Singleton of Dufftown 12 au Glen Grant ukiikuta.

Kama bajeti iko chini ya hizo zote, zile blendi za kawaida nazipanga hivi, na mtu anaruhusiwa kubisha. Famous Grouse na Grant's Triple Wood zinanyweka na maji tu bila kukunja uso. Teacher's ina moshi kidogo, nzuri kwa anayetaka kujua moshi ukoje bila kuuza kiatu. Ballantine's Finest na J&B ni nyepesi, ziko vizuri na soda. Black & White, ile ya mbwa wawili, na VAT 69 mi siwezi kuzinywa kavu, ila ukiweka Stoney Tangawizi nyingi na barafu hutalalamika.

Nina hela ya chupa moja. Red Label au nijibane nifike Black Label?

Inategemea unaenda kuifanyia nini. Kama ni ya kumimina Coca-Cola siku ya mechi, chukua Red, imetengenezwa kwa ajili ya kuchanganywa na hapo inafanya kazi yake vizuri tu, kuweka Black Label kwenye Coca-Cola ni kuchoma hela. Kama unataka kujifunza wiski, Red kavu itakukwaza, inachoma na haina mengi ya kusema, utatoka hapo unasema Scotch sio kinywaji chako kumbe umeonja mlangoni.

Na njia ya katikati ipo: Black Label inakuja pia kwenye chupa ndogo, ya 200ml na ile ya karibu nusu. Bapa la kitu kizuri ni bora kuliko chupa kubwa ya kitu utakachokimaliza kwa kulazimisha.

Nataka singo molti yangu ya kwanza, isinifilisi

Glenfiddich 12, Glenlivet 12 na Singleton 12, hizi tatu ndo utakazozikuta kirahisi Dar, Arusha, Nairobi mpaka Kampala, na tofauti ya bei kati yao ni ndogo kwahiyo angalia ipi ina punguzo wiki hiyo. Glenlivet kuna mbili, yenye 12 na ile Founder's Reserve isiyo na miaka, zikiwa bei moja chukua yenye 12.

Ukiwa Ulaya uwanja unapanuka. Glen Moray Classic huwa ya bei chini sana kwa singo molti, Aberlour 12 ina utamu wa mapipa yaliyobeba sherry (mvinyo wa Hispania), na kuna viwanda visivyo na kelele kama Deanston 12 na Bunnahabhain 12 ambavyo vinakupa asilimia 46.3 (faida yake nimeieleza kwenye swali la 40 na 46 huko chini). Bunnahabhain inatoka Islay, kisiwa kinachojulikana kwa wiski za moshi, lakini hiyo 12 ya kawaida haina moshi, wengi wanakosea hapo.

Chupa zina ujazo tofauti tofauti, nitajuaje ipi ni nafuu kweli?

Gawa kwa toti. Toti ya 30ml, chupa ya 750ml inatoa 25, ya 700ml inatoa 23 na tone, ya lita moja inatoa 33, bapa la 200ml linatoa 6 na kidogo. Chukua bei gawa kwa idadi hiyo, dakika moja kwenye simu, utashangaa mara ngapi ile "ofa" ni chupa ya 700ml imewekwa pembeni ya 750ml. Hesabu hiyohiyo ipige na baa, toti mbili tatu za singo molti kwenye hoteli zinaweza kukaribia robo ya bei ya chupa dukani.

Duty free kuna unafuu au ni hadithi?

Kwa chupa za lita moja za majina ya kawaida, mara nyingi unafuu upo ukilinganisha na bei za huku nyumbani. Kwa zile za "toleo la wasafiri tu" kuwa makini, nyingi hazina miaka na huna cha kulinganisha nacho, ndo biashara ilivyopangwa. Piga picha bei ya dukani kwako kabla hujasafiri.

Ukiingia nchi za Afrika Mashariki, msamaha kwa abiria wa miaka 18 kwenda juu ni lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo. Kama unaunganisha ndege, chupa ibaki kwenye ule mfuko uliofungwa na risiti ionekane, ukiufungua tu njiani kwenye ukaguzi wa uwanja unaofuata utaiacha.

Niko Uingereza, mbona Scotland kwenyewe bei haishuki kama England?

Kwasababu Scotland ina bei ya chini kisheria tangu Mei 2018. Ilianza peni 50 kwa yuniti moja ya kilevi (yaani 10ml za kilevi tupu), Septemba 2024 ikapanda kuwa peni 65. Chupa ya 700ml yenye asilimia 40 ina yuniti 28, kwahiyo hakuna duka la Scotland linaloruhusiwa kukuuzia chini ya pauni 18.20. England hawana hiyo sheria. Mkiwa huko msidharau chupa za supamaketi za Aldi na Lidl zenye majina yao wenyewe, Highland Black 8 na Queen Margot 8 zina miaka iliyoandikwa kabisa, wakati blendi nyingi zenye majina makubwa kwenye ngazi hiyohiyo ya bei hazina.

## Feki

Nitajuaje chupa ni feki?

Anza na bei. Black Label inayouzwa nusu ya bei ya supamaketi sio bahati, ni ishara. Ukishaishika angalia stempu ya kodi, Tanzania stempu za kielektroniki zipo tangu 2019 na unazikagua kwa programu ya TRA inaitwa Hakiki Stempu, Kenya ni Soma Label ya KRA, Uganda ni Kakasa ya URA. Skani hapohapo dukani mbele ya muuzaji, mwenye mali halali hakasiriki. Alafu geuza chupa: ujazo usawa na wenzake kwenye rafu, lebo isiwe na herufi zilizokosewa au gundi imevuja, namba ya toleo iwe imechapwa kwenye kioo chenyewe, na kifuniko kisizunguke bure kabla ya kukatika.

Ujue kwamba feki nyingi huku ni chupa halisi iliyojazwa tena, kwahiyo lebo inaweza kuwa safi kabisa. Ndo maana ukimaliza chupa yako usimuuzie mwokota chupa ikiwa nzima na kifuniko chake, kwaruza lebo au ivunje.

Na hili sio suala la ladha tu. Pombe ya vichochoroni inaweza kuwa na methanoli, ambayo inapofusha na kuua, na dalili zinaweza kuchelewa masaa mengi: kichwa kugonga vibaya, kutapika, macho kuona ukungu. Ukiona hivyo usilale usubiri kupona, nenda hospitali usiku huohuo useme ulikunywa nini.

Na baa je, ambako sioni stempu?

Mwombe kaka au dada wa kaunta alete chupa mezani amimine mbele yako, huo sio ushamba. Mkiwa wengi nunueni chupa nzima ifunguliwe mkiona. Baa ambayo Red Label na Black Label zinafanana ladha, hama.

## Kunywa

Nikinywa naungua koo tu, hizo peasi na asali wanazosema watu sizipati

Kwanza unanusa vibaya. Ukichomeka pua ndani ya glasi kama unanusa mchuzi, spiriti inakupiga na pua inakufa ganzi. Shika glasi chini kidogo ya pua, mdomo wazi kidogo, vuta taratibu. Glasi ya mvinyo inatosha, usinunue chochote. Pili, funda la kwanza halihesabiwi, hilo ni la kuuambia mdomo kwamba pombe kali imeingia, chukua dogo lizungushe likae. La pili na la tatu ndo utaanza kusikia.

Tatu ni maji, weka kijiko cha chai kimoja kwenye toti, onja, ongeza. Wataalamu wa kuchanganya huko Scotland wenyewe wanaonja wiski ikiwa imepunguzwa na maji, sijui nani alileta huku habari ya kwamba mwanaume anakunywa kavu.

Na wengine ladha hawazipati kwasababu wametoka kula pilipili au wamevuta sigara, subiri kidogo.

Barafu, soda, Stoney, dafu: ni dhambi?

Hapana. Kinywaji ni chako. Barafu inaua harufu ila kwa joto la Dar au Mombasa mwezi wa pili nani atakulaumu. Soda maji na Black Label kwenye glasi ndefu ni kitu kizuri sana kwa jioni. Tangawizi inaelewana na blendi zenye moshi. Visiwa vya Karibi wanakunywa Scotch na maji ya nazi, na sisi watu wa pwani dafu tunalo mlangoni, jaribu na Grant's au Famous Grouse. Ushauri wangu ni mmoja tu, chupa mpya onja kwanza kavu na maji kidogo ndo uchanganye, ili ujue ulichonunua.

Nimenunua wiski inanuka moshi na dawa ya hospitali, imeharibika?

Haijaharibika, umekutana na Islay. Kule kuni zilikuwa adimu, wakakaushia kimea kwa moto wa piti, udongo mweusi wa vinamasi unaokatwa vipande na kukaushwa, na moshi wake unabaki kwenye shayiri mpaka chupani. Laphroaig 10 ndo maarufu kwa hiyo harufu ya iodini na bandeji, Ardbeg 10 ina moshi mzito zaidi na asilimia 46. Kuna watu wanazipenda kufa na kuna watu hawataki kuzisikia, hakuna mwenye makosa.

Ila usizinunue chupa nzima bila kuonja. Panda ngazi: Teacher's, Black Label, Talisker 10 (hii ni ya kisiwa cha Skye, ina chumvi na pilipili manga), ndo Islay. Siku ukiwa na toti ya Talisker na sahani ya nyama choma ya mbuzi mezani utaelewa naongelea nini.

## Maswali ya pembeni

Kuna tofauti gani ya maana kati ya 40 na 46?

Ipo. Wiski ya 40 ikipoa au ikiongezwa maji inaweza kuwa na ukungu, kwahiyo wengi wanaipoza kiwandani na kuichuja mafuta yanayoleta huo ukungu, na mafuta hayo ndo yana uzito mdomoni. Ikiwa 46 kwenda juu ukungu sio tatizo kubwa, wengi hawaichuji hivyo na wanaandika kabisa kwenye lebo. Pia hesabu: 700ml ya asilimia 46 ina 322ml za kilevi, 750ml ya asilimia 40 ina 300, na hiyo ya kwanza maji unaongeza mwenyewe. Kwa anayeanza sio lazima, ni hatua ya pili.

Rangi ikiwa nyeusi zaidi ndo imekaa zaidi?

Sio lazima, ile karameli ya swali la kwanza ndo kazi yake. Pipa lililobeba bourbon (wiski ya Marekani) linatoa rangi ya dhahabu na vanila, la sherry linatoa wekundu na zabibu. Usinunue kwa rangi.

Nampelekea baba mkwe zawadi, lazima iwe Blue Label?

Hapana, na Blue Label yenyewe haina miaka kwenye lebo, bei inabebwa na jina pamoja na boksi. Kama mzee ni wa maonyesho na hela unayo, sawa, mpelekee ajionyeshe kwa wageni. Kama mzee anakunywa kweli, Green Label ya miaka 15 yenye asilimia 43 au Glenfiddich 15 atakukumbuka, na chenji inabaki ya kitenge cha mama. Chivas 12 ndani ya boksi lake pia haijawahi kumwaibisha mtu. Uliza kwanza kama anakunywa, hiyo wengi wanaisahau.

Chupa ikifunguliwa inakaa muda gani, na nikiihifadhi inazidi kukomaa?

Wiski inakomaa kwenye pipa, ikiingia kwenye kioo imesimama. Black Label ya 12 uliyoificha kabatini miaka 10 bado ni ya 12. Isiyofunguliwa isimamishe wima, maana kilevi kinakula kizibo cha gome, na iwe mbali na jua. Iliyofunguliwa inakaa miezi mingi bila neno, ikibaki chini ya theluthi hewa inazidi na ladha inaanza kulegea, hapo ita marafiki au ihamishie kwenye chupa ndogo.

Ninunue nyingi niziweke zipande bei?

Zinazopanda ni za viwanda vilivyofungwa, matoleo machache na mapipa ya pekee, sio hizi tunazoziongelea. Glenfiddich 12 itatengenezwa tena kesho. Nunua moja, inywe, ndo ununue nyingine.